Namna ya Kumpokea Mtani Asiyepiga Hodi

Anza kwa kunawa mikono. Kitabu ninachotaka ukifungue kilichapwa mwaka 1538, na hata kama utakisomea kwenye simu, umekaa kwenye kigoda chini ya mti hapa Manchira, mkoani Mara, nawa tu. Unakwenda kupokea mgeni, na mgeni hapokewi kwa mikono yenye udongo wa shamba.

Kisha weka kigoda cha pili, kielekeane na chako. Huko mbele nitakuambia ni cha nani.

Kitabu chenyewe kilitoka Lyon, Ufaransa, katika kiwanda cha uchapaji cha ndugu wawili, Melchior na Gaspar Trechsel. Jina lake la Kifaransa ni refu, nasi tunaweza kukiita Sura na Sanamu za Mauti. Mna picha 41 ndani yake, zote za kuchongwa kwenye ubao na kupigwa chapa kwa wino mweusi. Juu ya kila picha kuna aya ya Biblia kwa Kilatini, chini yake mistari minne ya Kifaransa. Picha zilichorwa na Hans Holbein, kijana mzaliwa wa Augsburg aliyekuwa akifanya kazi Basel, mji wa Uswisi wenye wachapaji wengi, kati ya 1523 na 1526 hivi. Na ni ndogo: urefu sentimita sita na nusu, upana tano. Toa kitambulisho chako cha NIDA ukisimamishe wima. Picha nzima ya Holbein, pamoja na mfalme, meza yake, watumishi wake na Mauti anayemmiminia kinywaji, inaenea juu ya kadi hiyo na nafasi inabaki.

Habari inayosimuliwa katika picha nyingi ni moja. Mauti, gofu la mifupa lenye nywele chache kichwani, anakwenda kumchukua mtu. Anamchukua Papa. Anamchukua mfalme, malkia, hakimu, wakili, tabibu, tajiri, baharia, mchuuzi, mkulima, kikongwe, mtoto mdogo. Kila mmoja anamfuata mahali pake.

Ukishafika hapo kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, nami naomba usilifanye. Mtu anaona mifupa, anasema hiki ni kitabu cha kutisha, anakifunga. Au anaona mifupa, anasema hiki ni kitabu cha wachawi, anakifunga kwa nguvu zaidi. Kisome kama unavyompokea mtani msibani. Hiyo ndiyo njia niliyoiona inafanya kazi, na nitaeleza nilivyoipata.

Miaka kadhaa iliyopita tulimzika jirani yetu, mzee wa Kisukuma aliyehamia upande huu akiwa kijana, anaswaga ng'ombe wake. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kando ya mji wake. Wanaume tumekaa kwenye mabenchi ya kuazima, wanawake wako chini kwenye mikeka, jikoni sufuria za makande zinatokota. Akatokea mwalimu mmoja Mngoni wa shule ya jirani. Wangoni na Wasukuma ni watani, jambo hilo halihitaji maelezo. Mwalimu alikuwa amevaa koti la marehemu, lile la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko, na kofia yake kichwani, na fimbo yake mkononi. Akatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, mguu wa kulia akiuburuta, anakohoa kile kikohozi cha mara mbili mbili. Wajukuu walicheka kabla hawajajizuia. Mjane akainua uso, akamtazama mtu aliyevaa koti la mumewe, akacheka naye huku machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

Mwalimu hakusimama. Akaenda moja kwa moja akashuka kaburini, akajilaza chali.

"Sitoki. Humu ni kwangu. Hili sanduku la bei kubwa nani kalinunua? Nilipokuwa naumwa si mlisema nauli ya kunipeleka hospitali haipo?"

Kimya. Jogoo tu ndiye aliyesikika.

"Na ile elfu arobaini ya mama muuza samaki, mtanizika nayo?"

Alipewa elfu mbili, akazirusha juu. Akapewa elfu tano na kuku, ndipo akatoka anajikung'uta vumbi, akarudisha koti, akakaa na kulia kama sisi wengine. Jioni ile mtoto mkubwa wa marehemu alimwita mama muuza samaki nyuma ya nyumba, akamhesabia fedha yake yote.

Tangu siku hiyo, nikizitazama picha za Holbein namwona yule mwalimu. Mauti wa Holbein ni mtani. Mtazame anapomfuata abate wa monasteri: ameshamvua kofia yake ya heshima akaivaa mwenyewe, ameshika na fimbo yake, anamvuta kwa joho. Anapomfuata Papa, Mauti mmoja amevaa kofia ya kardinali. Anapomfuata malkia amejivika nguo za mchekeshaji wa ikulu. Kwa mfalme anajifanya mhudumu wa kinywaji. Kwa padri anayepeleka Ekaristi kwa mgonjwa, Mauti anatangulia na taa na kengele, kama mtumishi mwema wa altare. Anavaa nguo za mtu, anashika kazi ya mtu, anatembea mwendo wa mtu. Kabla ya Holbein, Mauti alichorwa ukutani akicheza ngoma na watu wa kila cheo, wameshikana mikono kwenye mstari. Mji wa Basel wenyewe ulikuwa na ukuta wa namna hiyo kwenye makaburi ya watawa Wadominiko, tangu karne ya 15 hadi ulipobomolewa mwaka 1805. Holbein aliuvunja ule mstari wa ngoma. Alimpeleka Mauti nyumbani kwa kila mtu, kazini kwa kila mtu, akamvisha koti la mwenyeji.

Basi kile kigoda cha pili ni cha mtani. Muache akae.

Sasa fungua. Usianze na Papa wala mfalme, kwa kuwa utafurahi mno kuona wakubwa wakivuliwa mataji na utasahau uliitwa kwa ajili gani. Anza na picha ya mkulima. Mzee amevaa nguo zilizochakaa, ameshika plau, mbele yake farasi wanne wamechoka. Sisi tunalima kwa maksai, wao kwa farasi, lakini mgongo wa mzee yule utautambua. Uko hivyo hivyo kuanzia Nyamongo hadi Mugumu mvua za vuli zikianza. Mauti anakimbia kando ya farasi na kiboko mkononi. Hamgusi mzee. Anamsaidia kuswaga wanyama amalizie mtaro. Na huko nyuma, juu ya vilima, jua linazama, miale yake imetandazwa mbingu nzima, na kanisa la kijiji limekaa katikati ya mwanga. Katika picha zote 41 sijaona iliyo na huruma kuliko hii. Kaa nayo. Mtani hamkejeli mtu aliyechoka kwa haki.

Halafu fungua ya mtoto. Hii usiifungue ukiwa peke yako kama una mtoto uliyemzika. Ni nyumba ya maskini, paa limetoboka, boriti zinaonekana. Mama amechutama anapika, moshi unapanda. Mauti amemshika mkono mtoto mdogo, wanatoka mlangoni, na mtoto amegeuka nyuma, amenyoosha mkono wake mwingine kwa mama. Mama ameshika kichwa, na kando yake kuna mtoto mwingine. Chakula bado kiko motoni. Holbein alikuwa na nafasi ndogo kuliko kiganja cha mkono, na akaona ni lazima ile sufuria iwemo. Kina mama wa huku niliowaonyesha picha hii hawakuuliza ni ya nchi gani. Mmoja aliuliza tu kwa sauti ndogo huyo mtoto mwingine aliyebaki anaitwa nani.

Ukimaliza hiyo, pumzika. Kunywa maji. Mtani mwenyewe huwa anapumzika.

Ya tatu fungua ya hakimu, kisha ya wakili, kisha ya mheshimiwa mmoja wa baraza. Zisome pamoja, ni ndugu. Hakimu amekaa kitini, tajiri anatia mkono mfukoni, maskini amesimama pembeni na kofia yake mkononi. Mauti yuko nyuma ya kiti, anamwondolea hakimu fimbo ya hukumu. Wakili anapokea fedha njiani, na Mauti anaongeza zake juu ya zile za mteja. Mheshimiwa anazungumza na mwenye nazo, amempa mgongo maskini anayemgusa bega. Zilichorwa katika miaka ambayo wakulima wa nchi za Kijerumani waliinuka dhidi ya mabwana zao, 1524 na 1525, wakauawa kwa maelfu. Holbein hakuandika hotuba. Alichora mkono unaoingia mfukoni, na yeyote aliyewahi kusubiri kesi ya shamba asubuhi hadi jioni na bahasha hana, ataujua mkono huo.

Picha ya kikongwe isikupite. Bibi anatembea kwa mkongojo, rozari mkononi, na mbele yake Mauti anapiga marimba yaliyoning'inizwa shingoni. Ndiyo, marimba, vibao vya mti na vijiti viwili. Wataalamu wa muziki wanaihesabu picha hii miongoni mwa michoro ya kale zaidi ya ala hiyo huko Ulaya. Mzee wa kiume naye anapelekwa kaburini kwa muziki wa nyuzi. Litungu, ala yetu ya nyuzi, lingefaa pale, na mimi nikiitazama nalisikia litungu.

Sasa inakuja hatua ngumu, nayo ni kutafuta picha yako mwenyewe. Usitafute ya jirani, wala ya yule shemeji aliyekudhulumu. Kama unauza mitumba na vyombo kwenye minada, wewe ni yule mchuuzi mwenye tenga kubwa mgongoni. Ananyoosha kidole njia anayokwenda, anamwambia Mauti bado nina safari, na Mauti amemshika mkono wa shati. Kama unatibu watu, kuna tabibu ambaye Mauti mwenyewe anamletea mgonjwa na chupa ya mkojo ili apimwe. Kama umeweka akiba chumbani na madirisha yenye nondo, kuna tajiri anayepiga kelele huku Mauti anazoa sarafu mezani. Na kama unaendesha bodaboda, mura, kuna picha yako pia, lakini imechelewa kufika, na kuchelewa kwake kuna kisa.

Holbein alichora. Aliyechonga ubao ni mtu mwingine, Hans Lützelburger. Kazi ya kuchonga ubao wa chapa ni kuondoa kila kisichotakiwa hadi ibaki mistari tu, imesimama kama kingo za mtaro shambani. Wino unapakwa juu ya kingo hizo, karatasi inakandamizwa. Ukikosea ukakata mstari, umekata uso wa mtu. Wajuzi wengi wanasema hajatokea Ulaya mchongaji wa kumpita Lützelburger kwa vipande vidogo kama hivi. Alikufa mwaka 1526, kazi haijaisha. Vibao vikaishia kwa wachapaji wa Lyon, vikakaa miaka kumi na zaidi kabla havijawa kitabu. Dibaji ya 1538 inamlilia aliyebuni picha hizi, inasema mauti yamemkata kabla hajamaliza nyingine, mojawapo ikiwa ya mwendesha gari la farasi aliyebiduka chini ya gari lake. Holbein alikuwa bado hai wakati huo, anachora kwenye jumba la Henry wa Nane huko London, na hakufa hadi 1543. Ndiyo sababu wasomaji wengi wa dibaji hiyo wanaamini anayeliliwa ni mchongaji. Jina la Holbein halimo katika toleo lile. Picha ya mwendesha gari ilikamilishwa na mkono mwingine, ikaingia katika matoleo ya baadaye: gari limelala ubavu, Mauti mmoja ameondoka na gurudumu, mwingine anafungua kamba za mapipa ya mvinyo. Mpe picha hiyo kijana anayepakia abiria watatu na gunia la mahindi kwenye pikipiki moja usiku. Ataielewa bila mkalimani.

Neno kuhusu kukimiliki kitabu chenyewe, maana nimeulizwa. Toleo la 1538 ni adimu, na mahali pake ni maktaba kubwa na majumba ya makumbusho. Kwetu Mara kuna watu wanaozunguka na masanduku, wanauza rupia za Mjerumani, ramani za hazina ya Mjerumani na vitabu vya Mjerumani vilivyofukuliwa karibu na ngome ya Ikoma. Akikujia mmoja na Holbein ndani ya mfuko wa nailoni, mkaribishe chai, kisha fanya hivi. Inua ukurasa mmoja uuelekeze juani. Karatasi ya zama zile ilitengenezwa kwa matambara yaliyolowekwa na kupondwa, ikachujwa kwenye wavu wa waya, kwa hiyo utaona alama za mistari ya waya ndani yake. Pitisha kidole nyuma ya picha: ubao uliokandamizwa kwa nguvu mara nyingi huacha mwinuko unaoguswa. Chukua kioo cha kukuzia utazame wino. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa kama asali kwenye masega, hiyo ni kazi ya mashine ya juzi. Ukiona ni kweli, usikinunue hata hivyo. Kitu cha namna hiyo kina mwenyewe, na mwenyewe anakitafuta. Peleka taarifa panapohusika.

Na wala huna sababu ya kukinunua. Jumba la Metropolitan la New York, British Museum la London na jumba la sanaa la Basel wana picha hizi, na zinatazamwa bure kwa intaneti. Kitabu kilikuwa cha watu tangu mwanzo. Hadi mwaka 1562 kilikuwa kimeshatoka mara 11, na walioiga picha zake bila ruhusa hawahesabiki. Wachongaji wa Ulaya walijua watu wanataka nini. Babu zao walikuwa wamepitia tauni ya 1347 hadi 1351. Babu zetu nao, miaka ya 1890, walipitia sotoka iliyofagia ng'ombe, ikafuata ndui, ikafuata njaa, hadi koo za upande huu wa Serengeti zikatawanyika kutafuta chakula kwa majirani. Watu wa Manchira hawahitaji kufundishwa kwamba Mauti hana upendeleo. Wanajua. Ambacho hatuna ni mazoea ya kumtazama usoni mchana, tukiwa wazima, na kumuuliza anataka nini.

Pwani walikuwa nayo. Ukimaliza Holbein, tafuta Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa visiwa vya Lamu na Pate aliyeishi karne ya 18 hadi mwanzoni mwa 19. William Hichens aliichapisha London mwaka 1939, na James de Vere Allen akatoa toleo lake mwaka 1977. Mshairi anauita moyo wake, anaushika mkono, anautembeza katika magofu ya Pate: vile vyumba vilivyokuwa na taa na vyombo vya Kichina kwenye zidaka, sasa popo wamefanya kwao, viwanja vya nyumba vimeota magugu. Ni kitabu kile kile cha Lyon bila picha, na kwa lugha yetu wenyewe. Ninaona aibu kwamba mtoto anaweza kumaliza kidato cha sita katika nchi hii hajui kwamba kipo. Watafutie watoto wako, wakisome kwa sauti.

Sasa tuje kwenye kazi, maana mtani haji kucheka tu. Anadai. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, na ninatunza daftari. Ni kaunta buku ya kawaida, jalada jeusi, mgongo mwekundu, imeanza kuachia uzi. Kila msiba una ukurasa wake. Jina la marehemu juu, tarehe, kisha majina na walichotoa: elfu mbili, elfu moja, mahindi debe moja, kuni mzigo mmoja, mchele kilo tatu, siku mbili za kuchota maji bwawani. Yupo diwani kwenye mstari wa nne na mlinzi wa usiku kwenye mstari wa tano, mwandiko mmoja, wino mmoja. Ukilipekua kwa haraka utaona watu wa kila namna wakipita kurasa baada ya kurasa, mwaka huu ametoa, mwaka ujao jina lake limehamia juu. Hicho ndicho kitabu chetu cha Holbein. Tumekiandika wenyewe bila kujua.

Ninalolilia ni hili. Katika kurasa zote hizo, misiba iliyoacha amani ni ile ambayo marehemu alikuwa ameongea. Iliyobaki nimeiona kwa macho yangu. Siku ya arobaini haijafika, ndugu wa mume wameshapima shamba kwa hatua za miguu. Mjane anaulizwa ng'ombe wako wapi kama mwizi. Mama asiye na mtoto wa kiume, hata kama ameoa mwanamke mwenzake kwa mila ya nyumba ntobu ili mji wake usife, anaambiwa hana sauti. Watoto wanahamishwa shule. Nilimwona mama mmoja ametoka nje usiku na sufuria mbili na godoro, katika nyumba ambayo matofali yake aliyafyatua yeye. Nikakumbuka yule mheshimiwa wa Holbein aliyempa mgongo maskini, na nikaona tuko wengi mle ndani ya ile picha, tumesimama, tunaangalia pembeni.

Kwa hiyo, baada ya kuitazama picha yako, andika wosia. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 hazina ugumu wa kumshinda mtu wa kijijini. Unaandika kwa wino, siyo penseli. Unaweka tarehe na sahihi. Kama unajua kusoma na kuandika, unahitaji mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hujui kusoma, wanakuwa wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, nawe unaweka dole gumba. Shahidi asiwe mrithi. Taja shamba kwa mipaka yake: mti, jiwe, kijito. Taja madeni, yote, hata la mama muuza samaki. Mtaje mkeo kwa jina lake alilozaliwa nalo na useme nyumba ni yake. Kama shamba ni la nyinyi wawili, yaandikishwe majina yote mawili kwenye hati ya kimila ungali hai, usiwaachie watu wa kukisia. Wosia unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, au kwa mtu unayemwamini asiyenufaika nao, na mkeo ajue uko wapi.

Utasikia watu wakisema kuandika wosia ni kujitabiria. Nimewasikia wazee ninaowaheshimu sana wakisema hivyo, na nimewajibu kwa adabu, nimekaa chini yao: tata, Mauti wa kwenye kitabu hajui kusoma wosia, hatauona akaja mapema. Mkulima yule alikuwa analima tu. Mtoto yule alikuwa anasubiri chakula.

Lipo moja zaidi kwa wenye shamba karibu na hifadhi. Tembo wakiingia mashambani usiku, watu hutoka na madebe na tochi, na wengine hawarudi. Serikali hutoa kifuta jasho cha mazao na kifuta machozi cha mtu, na wanaovipata ni wale ambao familia zao zilikuwa na karatasi: jina sahihi, shamba linalojulikana, ndugu anayetambulika. Weka karatasi zako mahali pamoja. Mfuko mmoja wa nailoni, umefungwa, umening'inizwa darini panya wasiufikie. Mweleze mtu mmoja.

Ukishamaliza, mpe mtani haki yake. Hii ni desturi, usiiruke. Kama wewe ni mjukuu, nenda kwa babu yako angali mzima, vaa koti lake, tembea kama yeye mbele ya watu, akuone, acheke, akurekebishe pale ulipokosea mwendo. Kisha muulize, ukiwa bado umevaa lile koti, kuna deni gani halijalipwa na kuna mtu gani hamjapatana. Nimeona wazee wakijibu swali hilo kwa mjukuu aliyevaa koti, swali ambalo mwenyekiti wa kijiji na mchungaji walishindwa kulipatia jibu kwa miaka.

Kile kigoda cha pili usikirudishe ndani. Mwachie mtoto akikaa usiku kusikiliza hadithi, au jirani akipita.

Kikundi chetu kinakutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, chini ya mti ule ule. Picha za Holbein ninazo kwenye simu, na tunazikuza kwa zamu. Njoo na kalamu ya wino, nakala ya kitambulisho, na ndugu mmoja wa ukoo. Mtu baki utampata hapo hapo.